Bluu Niliyoonyeshwa Peke Yangu

Wiki niliyoaga kazini, vijana wa karakana waliniandalia soda na keki, wakasema maneno mazuri, kisha yule anayefunga mitambo ya leza kwenye kumbi za harusi akauliza swali ambalo nadhani walikuwa wakilijadili nyuma yangu kwa muda mrefu. Kwa nini, Mama, nyekundu unaipanga mara moja, kijani mara moja, halafu kwenye bluu unakaa mpaka mwenye ukumbi anaanza kupiga simu? Na kwa nini wakati huo unatutoa wote nje?

Jibu la kifundi ni fupi. Leza ya bluu mliyoizoea inaegemea zambarau. Ina nguvu mashineni, lakini jicho la mtu ni zito kuiona, kwa hiyo ukutani inaonekana imefifia. Dawa yake ni kuongeza leza ya pili, bluu iliyosogea upande wa kijani, kiasi kidogo tu, na miale yote miwili itue mahali pamoja. Hapo jicho linaona bluu yenyewe, na linaiona ikiwaka. Hayo mnayajua. Swali lenu la pili ndilo ninaloliandikia hapa, maana siku ile soda ilikuwa imeshapata joto na watu walitaka kwenda nyumbani.

Niliajiriwa mwaka 1978 pale Kayanga, katika kitengo kidogo cha maonyesho kilichowafundisha wakulima wa Karagwe, wakati Kyerwa ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo. Tulikuwa na Landrova moja, jenereta, shuka kubwa jeupe, projekta ya picha za slaidi, na visanduku vya taa vyenye vioo vya rangi. Tulikwenda kijiji hadi kijiji, tukatundika shuka jua likizama, tukawaonyesha watu namna ya kupunguzia migomba na kuchimba vyoo. Ili wasiondoke mapema, tulianza na mchezo wa taa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Zakaria. Alikuwa mwembamba, Mlutheri, mzaliwa wa Rwanda aliyevuka mpaka na mama yake akiwa bado kijana, na Kinyambo alikijua kuliko mimi niliyezaliwa Isingiro. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha mashine hata moja. Alinipa kitambaa na kioo chekundu, akasema nisafishe. Nikasafisha. Akakishika kuelekea dirishani, akanirudishia. Tukaendelea hivyo mpaka wakati wa chakula.

Hakuwa mtu wa kuamini upesi. Petroli aliinusa kila dumu kabla ya kuimimina, kwa sababu wauzaji walizoea kuiongezea mafuta ya taa. Balbu aliijaribu dukani, akaijaribu tena kwenye gari, na tena tulipofika, kana kwamba ingeweza kubadili nia njiani. Ukimwambia kitu ni cha bluu aliuliza, "Bluu ukiiweka mbele ya nini?" Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Baadaye niliona kwamba swali lile ndilo kazi yenyewe.

Nilikuwa sijazoea hata kuwasha jenereta vita na Uganda vilipoanza. Landrova ikachukuliwa kwa shughuli za jeshi, nasi tukaambiwa hata kibatari kisionekane nje. Vita vilipokwisha na gari likarudi likiwa na milango isiyofanana, tukaanza tena safari, lakini watu walikuwa wamebadilika. Vijiji vya karibu na mpaka viliiogopa taa yoyote inayoelekea juu. Pale Isingiro mgambo mmoja alisimama mbele ya kisanduku cha bluu onyesho zima, mgongo wake ukiwa umepakwa bluu, akituuliza tunaiita ndege gani. Nyekundu na kijani aliziona hazina neno.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Tulimulika duara tatu kwenye shuka, nyekundu, kijani na bluu, halafu Zakaria akazisogeza polepole mpaka zikapandana, na pale katikati pakawa peupe. Wazee hawakupiga makofi. Mama mmoja aliuliza rangi zimeenda wapi, na wenzake wakamtazama Zakaria mifukoni.

Shida yetu ilikuwa bluu. Balbu za wakati ule zilitoa mwanga wa manjano, na katika manjano bluu ni haba. Kioo cha bluu kinazuia kila kitu kisichokuwa bluu, kwa hiyo hicho kidogo kinachopita ndicho unachoambulia. Duara nyekundu iliwaka, ya kijani iliwaka, na ya bluu ilikuwa kama wino uliomwagika, nzito, imeelekea zambarau, na aliyekaa nyuma aliiona nyeusi. Kwa mchezo haikudhuru. Tulicheka, tukaendelea.

Katikati ya miaka ya themanini kutu ya majani ilishambulia kahawa zetu. Majani yalitoka madoa ya rangi ya machungwa upande wa chini, yakapukutika, na mibuni ikabaki vijiti. Dawa ilikuwepo, unga wa shaba ambao wazee waliuita mrututu, na unga wenyewe ulikuwa wa bluu, mwepesi, umeegemea kijani kidogo. Ulikuwa adimu. Ule wa halali ulichelewa kufika, na soko la Nkwenda halikuchelewa. Kule ilianza kuuzwa dawa ya bluu kwenye pakiti, na nyingine ilikuwa chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia nguo.

Ofisi ikatutuma tuwafundishe watu kutofautisha. Tulikuwa na kopo dogo la unga halisi, lakini umati ni mkubwa, jua limezama, na mbele ya karabai kila bluu inaonekana majivu. Mkuu wetu, Bwana Kaiza, akaamua kwamba pembeni ya picha ya pakiti tumulike duara kubwa la rangi ya dawa, ili hata wa mwisho nyuma aone. Alikuwa mtu mwenye haraka na mwenye mawazo mazuri, na mawazo yake mengi yalitangulia vifaa. Zakaria alimwambia kwamba duara letu la bluu haliko tayari kumfundisha mtu kitu. Akaambiwa wakulima hawana macho ya fundi, bluu ni bluu.

Tukaenda Kibingo. Tukamulika duara letu la wino, tukasema, rangi ya dawa ya kweli ndiyo hii. Siku iliyofuata ilikuwa ya soko, watu wakaenda Nkwenda, wakakuta dawa ya rangi ileile, wakanunua, wakanyunyizia.

Tuliporudi Kibingo msimu uliofuata, mibuni ilikuwa imesimama uchi pande zote mbili za barabara. Watu walikuja kwa wingi kuliko kawaida na hawakukaa chini. Kabla jenereta haijawashwa, mjane mmoja aitwaye Mama Yustina alipita katikati yao, akatusalimu kwa utaratibu wote, akaweka pakiti juu ya kisanduku cha taa.

"Mlituonyesha hii," akasema.

Bwana Kaiza akaanza kueleza. Zakaria hakueleza. Aliwasha taa, akamimina unga kwenye kiganja, akausogeza karibu na shuka. Rangi ya unga na rangi ya duara hazikuachana hata kidogo. Akasema kwa sauti ya kawaida, kwa heshima ya Kinyambo, "Ni kweli, waitu. Ni hii."

Umati ukanguruma. Mzee mmoja akauliza aliyetulipa ni nani. Wengine wakamuuliza dereva wetu, Deus, kwa nini gari la kufundishia kilimo lina matairi mapya. Matairi yalikuwa ya zamani, lakini jioni ile yalionekana mapya hata machoni pangu. Tulifungasha bila kuonyesha kitu.

Tulipofika Kayanga, Bwana Kaiza aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kama nimewahi kumwona Zakaria akizungumza na wafanyabiashara wa Nkwenda. Akataja kwamba watu wa asili yake wana jamaa pande zote za mpaka. Akasema halaumu, anauliza tu. Nilijibu kwamba sijamwona. Lakini nilipotoka nilikumbuka kwamba Jumamosi nyingi Zakaria hakuwepo nyumbani kwake, na kwamba hakuwahi kuniambia anakokwenda. Kuanzia siku ile nilimtazama kwa jicho la pembeni, mtu aliyenifundisha kila nilichokijua, na yeye nadhani aliona.

Kesho yake alinionyesha pakiti ya Mama Yustina mchana kweupe, kando yake kopo la dawa halisi. Hazikufanana hata kwa mtoto.

"Huyu hakuiga dawa," akasema. "Ameiga taa yetu."

Nikasema labda muuzaji alikuwa kwenye umati siku ile. Zakaria akajibu kwamba watu walinunua kesho yake asubuhi, na dawa ilikuwa imeshakauka, imefungwa kwenye pakiti, imejaa magunia. Akaishia hapo. Mimi nikadhani ameishia hapo.

Akaomba ruhusa ya kuirekebisha bluu. Bwana Kaiza akakubali, kwa sababu bila duara jipya hatungethubutu kurudi Kibingo. Kazi ile ndiyo iliyonifanya kuwa fundi, nami nitaieleza kidogo kwa faida yenu.

Kwanza tulijaribu balbu yenye nguvu zaidi. Kioo kikapasuka kwa joto, kwa mlio mdogo kama wa yai, na chumba kikanuka rangi iliyoungua. Kisha tukajaribu kioo chembamba. Mwanga ukaongezeka, lakini bluu ikawa kama maji yaliyooshewa vyombo. Ndipo Zakaria akaleta kifurushi cha gazeti, na humo mlikuwa na vipande vya chupa, vya dawa, vya mafuta ya nywele, vya pombe za kigeni, vingine vimesagwa kingo kwa jiwe. Alikuwa akivinunua na kuviokota Nkwenda kwa muda mrefu. Kumbe ndiko Jumamosi zake zilikokwenda. Au ndivyo alivyosema, nikajiambia, maana nilikuwa nimeshaingiwa na ugonjwa ule wa kushuku.

Alichagua kipande kilichokuwa kati ya bluu na kijani, akakiweka kwenye kisanduku cha pili. Kisanduku cha kwanza kikamulika bluu nzito, cha pili kikamulika hii nyepesi, duara juu ya duara. Mara moja ile ya wino ikaamka. Ndilo neno ninaloweza kulitumia. Haikugeuka kijani, ilibaki bluu, ila sasa uliiona kutoka mlangoni. Tatizo likawa kipimo. Ukizidisha taa ya pili unapata rangi ya bwawa, ukipunguza unarudi kwenye wino. Tukakata kadibodi zenye matundu ya ukubwa tofauti, tukazichomeka mbele ya taa ya pili moja baada ya nyingine. Ukitaka bluu iliyopauka unaongeza kisanduku cha tatu chenye mwanga mweupe, nacho tukakikatia kadibodi zake. Kwa visanduku vitatu tuliweza kutengeneza bluu za kila namna. Nilifurahi kama mtu aliyejifunza kuogelea.

Tulipokaribia mwisho, Zakaria alinituma Kibingo kumwomba mwenyekiti wa kijiji atupokee tena. Njiani nilipitia nyumbani Isingiro kumsalimu mama.

Mama alikuwa peke yake kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani. Baba alikufa nikiwa darasa la chini, na aliyetulea kwa mfuko wake ni kaka yangu Felisiani, mnunuzi wa mazao pale Nkwenda. Yeye ndiye aliyenilipia shule. Jumapili nyingi alikuja Kayanga na mkungu wa ndizi kwa ajili yangu, akakaa nami, akaniuliza habari za mitambo, nami nikamwonyesha. Hakuna mtu mwingine wa ukoo aliyewahi kuniuliza habari za mitambo.

Nilimwamkia mama, akaniitikia, lakini macho yake yalikuwa barabarani. Jirani wa kushoto alikuwa amepita bila kumjulia hali. Nikaona kwa nini. Mibuni ya jirani ilikuwa vijiti, ya jirani wa kulia vijiti, na ya mama ilikuwa imejaa majani, mabichi, yana vumbi jepesi la bluu lililogoma kuondoka na mvua. Mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wameanza kusema. Hakusema wanasema nini. Kwetu mjane mzee ambaye shamba lake peke yake limepona haulizwi ametumia dawa gani.

Nikamuuliza dawa aliitoa wapi. Akasema kwa Felisi, alimletea mwenyewe, akamkataza kumgawia mtu.

Nikaondoka nikifikiri ana bahati ya kuwa na mtoto anayejua kununua.

Niliporudi Kayanga, Zakaria alikuwa amemaliza. Aliniambia kipimo cha mwisho kimepatikana, akaniingiza stoo, akafunga dirisha, akawasha. Ilikuwa bluu nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye shuka, angavu, safi, haina kijani hata chembe. Akasema hii ndiyo tutakayoionyesha Kibingo, kisha Nkwenda. Akaacha visanduku na kadibodi zake vilivyo.

Jumapili kaka alikuja. Zakaria hakuwa amenikataza kumwonyesha mtu, nami nilikuwa na fahari. Nilimwingiza stoo, nikamuwashia. Felisiani alisimama mbele ya shuka, mikono nyuma. Akauliza kama watu wa Kibingo wataona hii hii, au itabadilika tena. Nikamwambia haibadiliki. Akaniwekea mkono begani, akasema baba angefurahi kuniona.

Siku ya soko iliyofuata Zakaria alikwenda Nkwenda peke yake. Aliporudi alituita stoo mchana, Bwana Kaiza, Deus na mimi. Akafunga dirisha. Hakusalimia.

Aliwasha duara la kwanza. Ilikuwa bluu iliyoelekea zambarau, kama ua la mjakaranda. Akauliza nani anaijua hii. Bwana Kaiza akasema ndiyo aliyoonyeshwa yeye, ya mwisho, akashangaa kwa nini anaulizwa. Zakaria akabadilisha kadibodi. Ikaja ya pili, yenye kijani kingi, rangi ya bwawa. Deus akasema hiyo ni yake, alionyeshwa siku alipoleta petroli. Nikaanza kuelewa. Akabadilisha tena, ikaja ile safi.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

Zakaria akafungua mlango kiasi, mwanga wa mchana ukaangukia karatasi iliyokuwa juu ya meza. Akamimina unga kutoka kwenye pakiti aliyoinunua. Ulikuwa bluu angavu, safi, bila kijani hata chembe. Hapakuwa na mkulima mmoja aliyewahi kuiona rangi ile. Ilikuwa imeonekana mahali pamoja duniani, ndani ya stoo yetu, nayo ilikuwa imeonyeshwa kwangu peke yangu.

Wote wakanitazama. Deus alisogea hatua mbali nami, nadhani bila kujua.

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nilifikiri kusema hivyo. Ningeweza kusema stoo haifungwi vizuri, na ni kweli haikufungwa vizuri. Kisha nikayaona majani ya mama yenye vumbi la bluu, na nikajua kwamba aliyempelekea mama dawa halisi alizijua zote mbili, ya kweli na ya bandia, kwa macho na kwa mkono, na kwamba majirani wanamtazama mama kwa ajili ya majani hayo.

"Sikumuuzia mtu," nikasema. "Nilimwonyesha kaka yangu."

Zakaria aliketi. Ilionekana kama amebebeshwa kitu. Hakuniambia pole wala asante. Bwana Kaiza alitoka kwenda kutafuta askari, na mimi nikazima taa kwa sababu zilikuwa zinaunguza balbu bure.

Walimkuta Felisiani nyuma ya ghala lake Nkwenda, na beseni, na chokaa, na vipande vya buluu vilivyosagwa. Sikuwepo. Deus, aliyewaendesha askari, ndiye aliyenisimulia. Alisema kaka hakukimbia wala hakukana. Alipoulizwa kwa nini amewaharibia watu mashamba alijibu, "Wanataka rangi, nawapa rangi." Kisha akaniulizia, kama nami nimekuja kwenye gari.

Alifungwa. Majirani wa Isingiro waliacha kusema lile la kwanza juu ya mama, la uchawi, wakaanza la pili, kwamba alijua mwanawe anauza nini. Mama hakunilaumu kwa maneno. Nilipomwamkia aliitikia, akaniandalia chakula, kisha akala baadaye peke yake, na hali hiyo ilidumu miaka. Pale Nkwenda nilipoingia dukani mazungumzo yalikatika. Wako waliosema nilikuwa mshirika wa kaka, na kwamba nilimtaja kaka ili nipone mimi. Kila nilichokisema kilikuwa ndicho ambacho mshirika naye angekisema.

Kibingo tulirudi. Zakaria alipanga bluu ya nne, ile ya kweli, ambayo hakuna aliyeiona kabla, hata mimi. Aliipanga jioni ileile, mbele ya umati, kopo la dawa halisi likiwa wazi chini ya tochi yenye mwanga mweupe, akibadilisha kadibodi mpaka Mama Yustina mwenyewe aliposema imefika. Watu walikuja mmoja mmoja na pakiti zao kulinganisha. Wengi walirudi wakiwa wameinamisha vichwa. Mama Yustina alikuja mwisho, akalinganisha, kisha akazunguka nyuma na kuingiza mkono ndani ya kisanduku kutafuta kama kuna kitu kingine. Aliungua kidogo. Alisema afadhali kuungua kuliko kudanganywa tena.

Nilifanya kazi na Zakaria mpaka alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mara moja tu nilimuuliza. Tulikuwa barabarani, gari limekwama kwenye tope, Deus ameenda kuomba majembe. Nikamuuliza kwa nini na mimi alinitengea bluu yangu, mimi niliyeanza naye kwa kusafisha kioo.

"Ningekuacha nje, Bwana Kaiza angesema nimekulinda," akasema. "Na mimi mwenyewe ningejua nimekulinda."

Nikamuuliza yeye alijaribiwa na nani. Aliangalia tope.

"Nyinyi wote, binti. Tangu nilipofika hapa na mama yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilimjibu Bwana Kaiza vizuri, kwamba nilisema sijamwona na mtu. Nikaona haitoshi. Deus akarudi na watu, tukachimba.

Baada yake kitengo kilibaki mikononi mwangu. Wakimbizi walipofika kwa wingi Karagwe tulikwenda kuonyesha slaidi za maji safi kwenye viwanja vyao, na kule pia watu walitazama taa kwanza, kisha wakamtazama anayeishika. Sikuwashangaa. Kila mahali, na baadaye kwenu karakanani, nilipanga bluu mwenyewe, nikiwa peke yangu, na msaidizi nilimtuma kutafuta kitu ambacho sikukihitaji.

Felisiani alitoka gerezani akaishi ng'ambo, upande wa Uganda, kwa muda mrefu. Mama alipougua alirudi, akamuuguza yeye kuliko mimi, na alipomzika alilia kuliko mimi. Hatukuzungumza msibani, zaidi ya mambo ya maturubai na maji.

Baadaye kidogo, mchana mmoja, alikuja Kayanga. Nilikuwa stoo nafuta lenzi. Alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso, na alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia apite. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Akaitikia. Akatazama visanduku, akauliza kama bado vinafanya kazi. Nikasema vinafanya. Akaomba aione ile bluu iliyomfunga.

Nilifunga dirisha, nikapanga kadibodi, nikawasha. Nilimwashia ya kweli, yenye kijani chake kidogo. Alisimama vilevile, mikono nyuma.

"Uliyonionyesha mimi ilikuwa nzuri zaidi," akasema.

"Ile ilikuwa ya uongo, kaka."

"Najua."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya shuka, mwanga umemjaa kifuani. Alisema amechoka na safari, kama nina chai. Nikasema nakwenda kuchemsha, jiko liko nyuma ya ofisi, si mbali. Nilimtazama tena mgongo. Sikuona ubaya wowote, wala sikuona kitu cha kunituliza. Nikazima taa ya pili, ile inayoiamsha rangi, nikachomoa kadibodi yake ya kipimo na kuitia mfukoni, kisha nikaenda kumchemshia kaka yangu chai.